Magunia ya mchanga na besimenti: yaliyonikuta Kileleshwa, Nairobi, na jinsi ninavyoyapanga sasa

Mama Cherehani (mwanzisha uzi)

Habari za jioni wadau. Tangu mawingu yaanze kutanda upande wa Ngong wiki hii, watu watatu wamenipigia simu kuniuliza juu ya magunia ya mchanga, kwa kuwa wanajua yaliyonipata. Nimeona heri niandike mara moja hapa, kila mtu asome na mwenye la kuongeza aongeze.

Nyumba yetu iko upande wa chini wa barabara, kwenye mteremko unaoshukia mto Kirichwa Kubwa. Ukiingia getini unakutana na rampu ya saruji yenye upana wa mita tatu na nusu, inateremka hadi mlango wa besimenti. Chumba chenyewe kimezama ardhini pande zote. Humo ndimo ninamoshonea: cherehani tano, meza ya kukatia, majora ya vitambaa ukutani. Ndiyo kazi inayolisha nyumba hii.

Usiku wa kuamkia Aprili 24, 2024, ule ambao mtaa wa Mathare ulizama, mvua ilitukuta tukiwa tumejiandaa. Ndicho kinachoniuma hadi leo. Si kwamba sikujua. Nilikuwa nimenunua magunia thelathini ya sukari, yale ya kilo 50, nikaleta mchanga, nikawapa kazi vijana wawili wa mjengo. Waliyajaza hadi mdomoni wakayashona kwa kamba kama ya mahindi. Gunia moja lilibebwa na watu wawili wakitweta. Tukayarundika mlangoni hadi kifuani mwangu, nami nikalala nikijua nimemaliza.

Saa nane usiku nikashuka na tochi. Maji yalikuwa yanapita katikati ya magunia kama yanavyopita kwenye vidole. Gunia lililojaa pomoni huwa gumu na la mviringo. Ukililaza juu ya mwenzake hugusana mahali padogo tu, na pembeni kunabaki pengo la kupitisha ngumi. Na huku nyuma yangu, katikati ya chumba, kifuniko cha tundu la sakafuni kilikuwa kinapanda na kushuka kama kifuniko cha sufuria ya uji. Maji ya bomba la maji taka yalikuwa yanarudi. Nilikuwa nimelinda mlango na adui akapitia sakafuni.

Tulipoteza majora yote ya chini na mota tatu za cherehani. Shukrani kwa Mungu hakuna mtu aliyeumia, maana siku ile Nairobi wapo waliozika.

Kwa hiyo la kwanza ninalowaambia wote wanaonipigia: kabla hujanunua hata gunia moja, jua maji yanaingilia wapi. Njia ni nne. Yako yanayotiririka juu ya ardhi na kuingilia mlangoni, kwenye rampu au kwenye kidirisha cha hewa. Yako yanayorudi kupitia mabomba. Yako yanayopenya ukutani na chini ya sakafu kwa kuwa udongo wa nje umelowa ukashiba. Na yako ya paa lako mwenyewe, ambayo watu huyasahau kabisa. Gunia la mchanga ni dawa ya njia ya kwanza tu. Hizo nyingine tatu unaweza kuzungushia nyumba magunia elfu na bado utaamka umezama.

Utajuaje? Simama nje mvua ikinyesha, si ile kubwa ya hatari, hata ya kawaida. Vaa gambuti, chukua mwavuli, kaa nusu saa uangalie. Mimi niliona kitu ambacho miaka kumi na mmoja ndani ya nyumba hii sikuwahi kukiona: maji hayakuwa yanatoka getini moja kwa moja. Yalikuwa yanafuata ukingo wa barabara, yanafika kwenye mtaro uliozibwa na chupa na mchanga wa ujenzi, ndipo yanapinda kwangu. Mita nane juu ya geti. Mlinzi wa jirani alikuwa analijua hilo siku zote. Waulizeni walinzi, wao ndio wanaokesha na mvua.

Sasa magunia yenyewe.

Achaneni na gunia kubwa. Tafuteni la kilo 25, lile la mchele au unga, lililofumwa. Lijaze nusu, usizidi theluthi mbili. Likiwa nusu lina uzito wa kilo kama ishirini, mtu mmoja analibeba bila kuvunja mgongo, na muhimu zaidi linalala. Gunia lisilojaa hujikunja likafuata umbo la kilicho chini yake, na hapo ndipo linapoziba. Hakuna haja ya kushona wala kufunga. Unakunja mdomo, unaulaza chini ya gunia lenyewe, na upande huo uliokunjwa unauelekeza maji yanakotoka, ili yakisukuma yazidi kuubana.

Kujaza ni kazi ya wawili. Mmoja anachuchumaa ameshika gunia, mdomo ameukunja nje kama kola, mwingine anatia kwa sepetu. Mchanga ndio mzuri kuliko vyote. Udongo wetu mwekundu wa huku unaweza kuchanganywa nao ukiwa mkavu, lakini ukilowa unashika kwenye sepetu na kazi haiendi. Kokoto usiziguse, zinapitisha maji.

Kupanga ni kama kupanga mawe ya nyumba: safu ya juu ikae juu ya viungo vya safu ya chini, kusiwe na kiungo kilichonyooka kutoka juu hadi chini. Kila gunia ukililaza, likanyage kwa miguu miwili hadi litulie. Safisha kwanza mahali unapolaza safu ya chini, ondoa majani na kokoto, kwa sababu jani moja linatosha kuwa njia. Na usijenge ukuta mwembamba. Upana wa chini uwe mara tatu ya kimo. Yaani ukitaka sentimita 30 kwenda juu, chini upange safu tatu zinazogusana, juu yake mbili, juu kabisa moja.

Hesabu yangu ilikuwa hivi. Gunia likilala lina urefu wa kama nusu mita, kwa hiyo rampu ya mita tatu na nusu ni magunia saba kwa mstari mmoja. Mistari sita, mara saba, ni magunia 42. Mara kilo 20, ni kilo 840. Tani moja ya mchanga inatosha na inabaki. Mwaka 2024 nilikuwa nimetumia mchanga zaidi ya mara mbili ya huo bila faida.

Juu ya hayo kuna polithini nyeusi ya geji 1000, ile mafundi wanayotandika chini ya slabu. Itangulie chini ya safu ya kwanza, kisha uirudishe juu kufunika upande unaopigwa na maji. Usiivute ikabana kama ngoma. Iache ilegee, maji yenyewe yataisukuma ijibandike kwenye kila pengo. Bila hiyo, maji yanavuja tu polepole kupitia mchanga.

Na la mwisho kwa leo, ambalo nilijifunza baada ya kulia: ukuta wangu sasa hauko mlangoni. Uko juu, kwenye kichwa cha rampu. Chini mlangoni maji yakikusanyika yana nguvu usiyoidhania. Mlango wa sentimita 90 ukiwa na maji ya kimo cha sentimita 30 nje unasukumwa kwa nguvu kama ya kilo 40. Yakifika sentimita 60, nguvu si kilo 80, ni zaidi ya kilo 160. Kimo kikiongezeka mara mbili, msukumo unaongezeka mara nne. Huko juu maji bado ni membamba na yanatembea, kwa hiyo unayageuza tu yaendelee na safari yao.

Karibuni kwa maswali. Nitajibu nikimaliza sare za shule nilizonazo mezani.

Fundi Mabomba

Mama, ahsante kwa uzi huu. Mimi ni fundi wa mabomba, nazunguka Kilimani, Lavington na huko kwenu. Nataka nikazie hilo la tundu la sakafuni kwa sababu kila msimu naitwa nyumba za aina hiyo.

Besimenti iko chini kuliko manholi ya barabarani. Bomba la maji taka likijaa huko nje, maji hutafuta kusawazika, na tundu la kwanza la chini yanalolikuta ni la kwako. Choo cha chini nacho ni tundu. Dawa ya kudumu ni valvu ya kuzuia maji yasirudi, inafungwa kwenye bomba linalotoka nje, mahali unapoweza kulifikia. Ifunguliwe na kusafishwa kabla ya kila msimu, mara mbili kwa mwaka. Valvu iliyokwama na nywele au kitambaa ni sawa na kutokuwa nayo.

Kama hujaweza kuifunga leo na mvua iko kesho, kuna njia ya dharura. Ondoa kifuniko cha tundu, simamisha kipande cha bomba chenye kimo cha nusu mita hadi mita moja ndani yake na uzibe pembeni kisivuje. Maji yatapanda ndani ya bomba hadi usawa wake na kusimama humo badala ya kutandaa chumbani. Ni bora kuliko kuziba tundu kabisa kwa nguvu, maana likizibwa kabisa msukumo unaweza kufungua kiungo chini ya sakafu, na hiyo ni kuvunja saruji. Kwenye choo cha chini, weka gunia dogo la mchanga ndani ya mfuko wa nailoni usiotoboka, ulaze juu ya shimo, na msikitumie usiku huo.

Na jambo jingine nawaomba: maji ya paa yasiungwe kwenye bomba la maji taka. Nakuta hivyo kila mahali. Mvua ikinyesha unajaza bomba lile lile linalokurudia.

Kaka wa South C

Nimesoma yote kwa makini na bado sijapata jibu langu. Sisi huku hatuna mteremko. Maji hayaji kwa kishindo. Mvua inanyesha Jumatatu, Jumatano ndipo sakafu ya stoo yangu ya chini inaanza kutoa jasho, Alhamisi kuna maji ya vidole vinne. Nilipanga magunia mlangoni vizuri kabisa. Mlangoni pakavu, ndani maji. Nikaleta pampu nikamaliza yote kwa saa mbili, asubuhi yamerudi, na sasa kuna ufa sakafuni ambao haukuwepo. Nimekosea wapi?

Mama Cherehani

Pole sana kaka. Hapo magunia hayana kosa wala hayana msaada. Hiyo ni ile njia ya tatu.

Udongo wenu mweusi, ule wa pamba, hauna tabia moja na huu wetu mwekundu. Januari na Februari unakauka unapasuka, nyufa za kuingiza mkono. Mvua ya kwanza ya Machi inaingia kwenye nyufa hizo moja kwa moja hadi kwenye msingi. Kisha udongo unafura, nyufa zinafunga, na maji yaliyokwisha kuingia hayana pa kutokea. Yanabaki yakiegemea kuta zako na kusukuma sakafu kutoka chini. Ndiyo maana yanachelewa siku mbili tatu.

Kuhusu ufa: maji yaliyokuwa ndani ya stoo yalikuwa yanasaidia kusukumana na yale ya nje. Ukiyatoa yote mara moja wakati udongo wa nje bado umeshiba, nguvu ya nje inabaki peke yake, na slabu nyembamba inainuka au ukuta unaingia ndani. Ushauri unaotolewa ni kusubiri maji ya nje yashuke kwanza, kisha upunguze theluthi moja, uweke alama ukutani, ulale. Asubuhi angalia alama. Yakiwa yamepanda tena, subiri. Yakiwa yametulia, toa theluthi nyingine. Inaudhi kuishi na maji ndani, najua, lakini kukausha vitambaa ni rahisi kuliko kujenga ukuta upya.

Huo ufa mwite fundi wa ujenzi auone kwa macho. Mimi ni mshonaji, sitaki kukudanganya kwa jambo la nyumba kuanguka.

Fundi Mabomba

Naongeza kwa kaka wa South C: kiangazi kijacho jaza zile nyufa za udongo zilizo karibu na kuta, na uweke saruji au udongo ulioshindiliwa wenye mteremko wa kutoka ukutani kwenda nje. Ndani, chimba shimo la pampu kwenye kona iliyo chini zaidi, na pampu ya kuzama yenye swichi ya boya, ijiwashe yenyewe maji yakipanda. Na bustani ya maua iliyogusa ukuta wa stoo, kama ipo, iondoe. Kumwagilia maua hayo kila jioni ni kumwagilia msingi.

Keateka wa Kilimani

Mimi naangalia jengo la ghorofa tisa lenye maegesho chini ya ardhi. Naomba nizungumze juu ya usiku wenyewe, maana hapa tumezungumza juu ya kujiandaa.

Cha kwanza ni stima. Mwaka huo wa 2024 swichi kubwa ya jengo letu ilikuwa huko huko chini, na pampu inapata stima kutoka hapo. Maji yalipofika kwenye boksi, pampu ikazima. Yaani kitu cha kutuokoa kilikuwa cha kwanza kufa. Sasa boksi la pampu limepandishwa juu ya rampu. Kama swichi yako iko besimenti na maji yameshaingia, usishuke kuizima. Usikanyage hayo maji kabisa. Piga simu kampuni ya stima wakate kutoka nje.

Cha pili ni jenereta. Watu huishusha chini karibu na pampu ili waya ufike. Moshi wake una hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, na kwenye chumba cha chini haina pa kutokea. Jenereta na pampu ya mafuta vikae nje, mbali na mlango na madirisha, halafu paipu ndiyo ishuke.

Cha tatu magari. Tunayatoa mapema, tahadhari ya Idara ya Hali ya Hewa ikitoka, si maji yakianza. Mpangaji mmoja alitaka kushuka kuchukua gari lake maji yakiwa magotini na yanaingia kwa kasi kwenye rampu. Nilimshika mkono nikakataa. Alinikasirikia wiki mbili. Maji ya sentimita 15 yanayokimbia yanamwangusha mtu mzima, na yakifika 30 gari dogo linaanza kuelea. Gari lina bima, yeye ana watoto wawili ninaowafungulia geti kila asubuhi.

Na lifti: ipandisheni juu muizime hapo. Ikiachwa ikae kawaida, mtu anaweza kuiita ikashuka ndani ya maji.

Nyumba Kwanza

Mimi naheshimu kazi yote hii lakini sikubaliani na msingi wa uzi. Mama, kama unajua maji yanapinda getini kila mwaka, kwa nini unapanga magunia 42 kila mwaka? Jenga kizingiti cha saruji kwenye kichwa cha rampu, sentimita 15 kwenda juu, gari linapanda na kushuka kama bampu. Mbele yake mfereji wenye wavu wa chuma unaokata upana wote. Umemaliza. Magunia ni kitu cha kuomba msamaha kwa kutojenga vizuri.

Mama Cherehani

Ndugu, kizingiti nimekijenga, na mfereji wenye wavu upo. Ulikuwa ushauri mzuri aliponipa fundi na ni mzuri wewe unapoutoa. Kwa mvua nyingi zinatosha vyenyewe.

Lakini siwezi kujenga kizingiti cha sentimita 30, gari litakwama tumbo. Na wavu ule, majani ya mjakaranda yakiulalia usiku mmoja, maji yanapita juu yake kama haupo. Kwa hiyo kizingiti ni cha kila siku na magunia ni ya usiku wa tahadhari, yanakaa juu ya kizingiti na kukiongezea kimo. Na wapo wanaopanga nyumba. Mpangaji hajengi kizingiti kwenye nyumba ya mtu, ila magunia anaweza kuyapanga.

Jirani wa Bondeni

Nimewasoma tangu asubuhi. Naishi Mukuru, karibu na mto Ngong. Huku kwetu hakuna besimenti, nyumba ni ya mabati na sakafu iko sawa na njia. Gunia la mchanga kwetu ni ngazi, ni daraja, ni ukuta. Najua kulipanga.

Nina swali moja tu kwa mama na kwa wote wa mitaa ya juu. Mnasema gunia ni la kuyageuza maji yaendelee na safari yao. Safari yao inaishia wapi? Maana mto Ngong, mto Nairobi na mto Mathare yote inapokea kutoka juu inashusha mabondeni. Mwaka 2024 tuliamriwa tuondoke mita 30 kutoka mtoni, na nyumba zikabomolewa. Maji hayakuanzia mtoni. Yalianzia kwenye paa na saruji.

Sisemi kwa chuki. Nauliza kwa sababu hapa ndipo mnapozungumza juu ya kuyasukuma.

Mama Cherehani

Ndugu, nimekaa na swali lako tangu mchana, sikutaka kulijibu mbio.

Unasema kweli. Na hata hapa kwetu limetokea kwa kiwango kidogo. Mara ya kwanza nilipohamisha magunia juu ya rampu, maji yaliniacha yakaenda kwa mama jirani wa chini yangu, mjane, yakamjazia jiko. Alikuja asubuhi hakunigombeza, alisimama tu getini na matope miguuni. Nilitamani ardhi inimeze. Tangu siku hiyo sipangi mstari wa magunia kabla ya kutembea naye kuangalia unaelekea wapi. Mstari hauendi tena kwa kukata njia moja kwa moja, unapinda na kuyapeleka kwenye mtaro, na mtaro tuliuzibua sisi wenyewe, nyumba sita, Jumamosi mbili mfululizo, kwa sepetu na toroli. Mchanga tulioutoa ndani yake ungejaza magunia yote ya mtaa. (Na wenye kuleta lori la mchanga wakaliacha wazi kando ya barabara, lifunikeni. Mvua moja na nusu yake iko mtaroni.)

Lakini hayo yanamsaidia jirani yangu, hayakusaidii wewe. Nilichoweza kufanya kwa ajili ya bondeni ni kidogo na nitakisema kama kilivyo. Ni ile njia ya nne, paa. Paa letu ni kama mita za mraba 100. Mvua ya milimita 50, ambayo masika huileta kwa siku moja bila shida, inaangusha lita 5,000 juu ya paa hilo peke yake. Zilikuwa zinashuka kwenye rampu yangu na baadaye mtoni. Sasa kuna tangi la lita 5,000 chini ya mfereji wa paa, na nalimwaga kwa kuoshea na kufulia kabla tahadhari haijatoka, ili mvua kubwa ilikute tupu. Tangi lililojaa halisaidii mtu. Nyuma ya nyumba tuliondoa saruji tukarudisha udongo na nyasi.

Ni nyumba moja. Tangi moja halizuii mto. Lakini tupo nyumba sita tuliozibua mtaro, na wawili tayari wameuliza bei ya tangi.

Jirani wa Bondeni

Nimekuelewa mama, na nashukuru kwa kujibu bila kuzunguka. Basi nami nitoe langu. Magunia yakishatumika msiyaache nje juani. Jua linaukausha ule uzi wa plastiki, baada ya miezi michache gunia unaloliona zima linapasuka ukilishika. Yawekeni kivulini, matupu kama inawezekana, mchanga mfunike pembeni.

Na yale yaliyoguswa na maji taka msiyarudishe stoo, wala mchanga wake usiwe wa watoto kuchezea wala wa kupandia mboga. Huku tumeona kuhara na kipindupindu baada ya mafuriko. Vaeni glavu na gambuti, na mwenye kidonda mguuni asiingie kabisa. Kunywa maji ya kuchemsha hata kama bomba linaonekana safi.

Keateka wa Kilimani

Nambari za kuandika ukutani, si kwenye simu tu, maana simu huzima: 999 na 112 za dharura, na 1199 ya Msalaba Mwekundu. Sisi tumezibandika lifti na kwenye kibanda cha mlinzi.

Kaka wa South C

Nimetoa theluthi ya kwanza jana, alama iko palepale asubuhi. Fundi wa ujenzi anakuja Ijumaa. Ahsanteni.

Mama Cherehani

Nimefurahi kaka. Usiharakishe theluthi ya pili.

Taarifa ya kwangu: tahadhari ilitoka jana mchana, tukapanga magunia saa kumi jioni, mimi na mwanangu na kijana wa jirani, saa moja na dakika kumi hivi kazi nzima. Mama wa chini alishuka na kikombe cha chai akatuangalia mstari unavyopinda, akasema gunia la mwisho tulisogeze kidogo kushoto. Tukalisogeza.

Mvua imeanza saa tano usiku. Nimeshuka saa nane, saa ile ile. Maji yapo nje ya polithini, yamepanda hadi katikati ya safu ya pili, yanapinda yanaingia mtaroni kwa sauti. Upande wa ndani kuna unyevu tu, unaweza kuukausha kwa tambara. Bomba la kusimama kwenye tundu la sakafu lina maji hadi nusu na limetulia. Kwa mama wa chini taa ya jikoni inawaka, nimempigia, anasema pakavu.

Gunia moja la safu ya chini, la tatu kutoka getini, limeanza kuchanika pembeni na linatoa mchanga kidogo kidogo. Nimeliwekea lingine mbele. Nitalibadilisha kukicha.